Sura ya Sita: Deni la Mizunguko

Simu ya mezani ina ugonjwa mmoja ambao kila mpokezi wa ofisi Morogoro mjini anaujua. Waya wa springi, ule unaounganisha mkono wa simu na kitako chake, hujisokota wenyewe kwa wenyewe hadi ukawa fundo. Ulipokuwa mpya ulivutika ukafika kabatini; sasa haufiki hata kwenye kiti. Anayepokea simu inambidi ainame, na akiinua mkono wa simu kwa pupa, kitako kizima kinamfuata kikiburuta daftari la wageni. Akipata nafasi anauvuta waya kwa nguvu, nao unanyooka. Akiuachia, fundo linarudi mahali pake.

Wengi hudhani waya umezeeka, au ni wa bei rahisi. Sivyo. Waya unahesabu. Kila mzunguko ulioingizwa ndani yake ni deni lililoandikwa, wala halifutiki kwa kuuvuta, kuutikisa wala kuulaani. Sura hii inafuata deni hilo: linakopwaje, linalipwaje, na viumbe na mafundi wanaoishi nalo kila siku wamepata ujanja gani wa kulimaliza.

Waya wenyewe

Kwa wenye umri, simu ya mezani ni kitu cha "Posta na Simu". Hadi mwaka 1977 huduma hiyo ilikuwa ya shirika moja la Afrika Mashariki lenye makao makuu Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu, ambalo nalo liligawanywa katika miaka ya tisini, na kuanzia mwaka 1994 simu zikawa mikononi mwa TTCL. Mwaka huohuo Mobitel ikawasha mtandao wa kwanza wa simu za mkononi nchini. Laini za mezani, hata zilipokuwa nyingi kabisa, hazikufika laki mbili kwa nchi nzima. Laini za mkononi leo zinahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Mkazi wa Morogoro hahitaji takwimu kulijua hilo. Akiinua macho kuelekea kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, anaona minara ya mawasiliano imesimama juu ya msitu wa Uluguru. Mazungumzo ya mjini na ya Matombo, Mgeta na Kinole sasa yanapita hewani.

Hata hivyo simu ya mezani haijafa. Ofisi inahitaji namba isiyoondoka na mfanyakazi akihamishwa, namba inayoanza na 023, tarakimu ambazo Morogoro inazitumia pamoja na Pwani, Lindi na Mtwara. Tena laini ya shaba huja na umeme wake, volti 48 kutoka kwenye betri za kituo cha simu, kwa hiyo simu ya kawaida hulia hata umeme ukikatika mtaa mzima.

Ndani ya waya wa springi mna nyuzi nne: mbili za kipaza sauti, mbili za spika ya sikioni. Kila moja ni utepe mwembamba wa shaba uliozungushwa juu ya uzi wa kawaida, na ndiyo maana hupinda mara maelfu bila kukatika. Kiwandani waya huzungushwa kwenye fimbo ya chuma, hupashwa moto, hupozwa, kisha mapindi yake hugeuzwa upande wa pili ili yabanane. Kuanzia hapo, kukaa kwa mapindi ndiyo hali yake ya kupumzika. Ukiuvuta unauchokoza, ukiuachia, unarudi kulala.

Deni linavyokopwa

Chukua mtu anayeandika kwa mkono wa kulia. Simu inalia, anaiinua kwa mkono wa kulia na kuiweka sikio la kulia. Mpigaji anaanza kutaja namba ya kuandikwa. Mkono wa simu unahamia kushoto, bega linasaidia, kalamu inaingia kulia. Mazungumzo yakiisha, anaurudisha kitakoni kwa mkono wa kushoto. Katika safari hiyo fupi ya kutoka sikio hadi sikio, mkono wa simu umegeuka.

Umegeuka kiasi gani? Kitako kinaupokea ukikaa kwa namna moja tu, ncha yenye waya ikiwa upande wake. Kwa hiyo, ukishatulia mahali pake, geuko lake haliwezi kuwa nusu wala robo. Ni sufuri, au mmoja, au miwili, lakini daima kamili. Na kwa kuwa mtu hana tabia tofauti kila simu inapolia, mizunguko yake huelekea upande mmoja. Leo mmoja, kesho mwingine, na hakuna anayekuja kuzungusha upande wa pili ili kusawazisha.

Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Waya huubeba mzunguko ndani kwa ndani, ukijigeuza kwenye mhimili wake. Hali hii tuiite msokoto. Msokoto ukizidi, waya huona nafuu kujikunja kuliko kuendelea kujinyonga, na ghafla hutoa kitanzi pembeni. Kitanzi hujizungusha, kinavuta kingine, na fundo limezaliwa. Hali hii ya pili tuiite mkunjo. Fundo halikuongeza kitu chochote kipya. Mizunguko ni ileile, imehama nyumba tu.

Wanahisabati wameiandika hesabu hii kwa mstari mmoja. Mromania Gheorghe Călugăreanu kati ya mwaka 1959 na 1961, kisha Wamarekani James White mwaka 1969 na Brock Fuller mwaka 1971, walionyesha kwamba katika utepe uliofungwa ncha kwa ncha, jumla ya mizunguko ni msokoto ukijumlishwa na mkunjo. Msokoto unaweza kugeuka mkunjo, na mkunjo ukageuka msokoto, lakini jumla haibadiliki mpaka utepe ukatwe.

Sasa inaonekana kwa nini kuvuta hakusaidii. Waya ukivutwa, vitanzi vinanyooka na mkunjo wote unageuka msokoto. Ukiachiwa, msokoto unageuka tena mkunjo. Deni limetoka mfuko wa kulia likaingia wa kushoto. Juu ya hayo kuna hasara: utepe wa shaba huchoka pale unapoingia kwenye kichwa cha plastiki, na kamba hukatikia pabovu. Sauti inayokwaruza na kukatikakatika mara nyingi imeanzia hapo.

Kulipa

Dawa ya deni ni kulipa, na malipo ya kawaida ni kuiacha ncha moja izunguke. Shika waya karibu na kitako, uinue juu kiasi cha kuufanya mkono wa simu uning'inie bila kugusa sakafu, kisha usifanye kitu. Utaanza kuzunguka taratibu, utashika kasi, utapitiliza mahali pake, utarudi nyuma, na mwishowe utasimama. Fundo likiwa limebana mno, uzito wa mkono wa simu hautoshi kulifungua. Hapo telezesha vidole viwili kutoka juu kwenda chini, ukifungua kitanzi kimoja kimoja, na kila kitanzi kikifunguka uuache mkono wa simu uzunguke. Simu nyingi zina njia fupi zaidi: bonyeza ulimi mdogo wa plastiki, chomoa kichwa cha waya, uache waya mtupu ujigeuze mkononi, kisha ukichomeke tena. Kuna pia kiungo kidogo kinachouzwa kwa ajili ya kazi hii, kinachokaa kati ya waya na mkono wa simu na kuzunguka chenyewe, ili deni lilipwe kila siku kabla halijawa kubwa.

Upo ugonjwa wa pili unaofanana na wa kwanza ila si huo. Katikati ya waya unaona mapindi yanayokwenda kulia yamekutana na mapindi yanayokwenda kushoto, na kati yake kuna kipande kilichochomoza, kisichojua kifuate upande gani. Mara nyingi hutokea waya ulipovutwa mno kisha ukaachiwa ghafla. Kuning'iniza pekee hakutaponya. Chomoa kichwa kilicho karibu, shika pindi la kwanza lililopinduka, lirudishe upande wa wenzake, halafu linalofuata, ukikisukuma kile kipande hadi kitokee nchani. Penseli ikipitishwa ndani ya mapindi hurahisisha kazi.

Kuna malipo ya aina nyingine, ya ajabu kidogo, ambayo mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac alipenda kuyaonyesha kwa kamba. Ushike mkono wa simu bila kuugeuza hata kidogo, ukiwa umeelekea upande uleule muda wote. Sasa upitishe waya kuuzunguka: uvuke juu ya ncha ya mbali, urudi kwa chini. Kama waya ulikuwa na mzunguko mmoja wa ziada, utabaki na mmoja, ila sasa umeelekea upande wa pili. Kama ulikuwa na miwili, hautabaki na hata mmoja. Mwenye shaka ajaribu kwa mkanda wa suruali, upande mmoja ukibanwa chini ya kitabu kizito. Kuupitisha waya upande wa pili hupunguza deni kwa mizunguko miwili, kamwe si kwa mmoja. Namba hii ya mbili itarudi kabla sura haijaisha.

Mmea usio na ncha ya kuzungusha

Simu ina ncha ya kuachia. Mpasheni hauna. Utazame mpasheni uliotambaa juu ya ua, uchague kikono kimoja kilichokwisha kushika waya wa ua. Nchani kimejizungusha imara. Upande wa shina kimeota ndani ya mmea. Kati ya ncha hizo mbili kimejikunja kuwa springi, ili upepo ukipiga mmea uyumbe bila kukatika. Sasa fuata mapindi kwa kidole. Nusu ya kwanza yanakwenda kulia. Kisha kinakuja kipande kifupi kilichonyooka. Nusu ya pili yanakwenda kushoto. Ni ugonjwa wa pili wa simu, huohuo, ila hapa hakuna kilichoharibika.

Charles Darwin aliliona jambo hili na kulieleza katika makala yake kuhusu mimea inayotambaa, iliyotoka mwaka 1865 na kuwa kitabu mwaka 1875. Aliona kwamba kikono kilichoshika kitu hakikosi kamwe kugeuza upande, na kwamba mapindi ya kulia na ya kushoto hulingana au hupishana kidogo sana. Kikono kilichokosa cha kushika hujikunja upande mmoja tu, moja kwa moja hadi nchani.

Sababu ni ileile hesabu. Kikono kilichofungwa ncha zote mbili kikijikunja mara kumi upande wa kulia, lazima mizunguko kumi ya msokoto itokee mahali fulani ndani yake, nacho hakina ncha ya kuitolea. Kingejinyonga. Badala yake kinakunja mitano kulia na mitano kushoto. Jumla ni sufuri. Springi imepatikana bila kukopa hata senti. Maboga na matango hufanya vivyo hivyo, na mkulima wa bustani huviona vikono hivyo kila asubuhi.

Katani, mipira ya maji na mkongo

Binadamu wanaofanya kazi na vitu virefu wamefika kwenye jibu hilohilo kwa mikono yao. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na kando yake mashamba ya katani yakaenea Ngerengere, Tungi na mbele hadi Kimamba. Mmea wenyewe ulikuwa mgeni: Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na ni miche 62 tu iliyookoka safari. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za katani kwa mwaka, na sehemu kubwa ikiishia kuwa kamba.

Kamba ni mpango wa madeni yanayozuiana. Nyuzi za katani husokotwa kwanza upande wa kulia. Nyuzi kadhaa zilizosokotwa hivyo huunganishwa kwa kusokotwa kushoto, na kamba nene huunganishwa tena kulia. Kila tabaka linataka kufunguka, na kila tabaka likijaribu kufunguka linambana jirani yake. Mzee anayesokota kamba kwenye paja anafanya jambo hilo bila mashine. Anaviringisha nyuzi mbili kwa kiganja kwenda mbele, kila moja peke yake, kisha anazikutanisha na kuziacha zijizungushe kwa kurudi nyuma. Kamba iliyosokotwa sawasawa ukiilaza chini inatulia. Iliyosokotwa vibaya inajikunja vitanzi kama waya wa mapokezi.

Mgeta na Nyandira, ambako bustani za mboga zimening'inia kwenye miteremko, maji huteremshwa kwa mipira. Anayekunja mpira kwa kuuzungusha mkononi na kiwikoni, duara juu ya duara, anaweka msokoto mmoja katika kila duara. Siku ya kuutandaza, ikiwa atavuta ncha badala ya kuuzungusha mzigo wote, misokoto yote inabaki ndani, na mpira unajipinda na kuziba maji katikati ya mteremko. Anayegeuza kiganja, duara moja kwa juu na linalofuata kwa chini, anauvuta ukanyooka wote.

Kwa mafundi wa mkongo kosa hilo ni ghali zaidi, kwa sababu ndani ya mkongo kuna nyuzi za glasi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita Morogoro ukielekea bara. Fundi wa nyaya za aina hii, popote alipo duniani, akilazimika kutoa mamia ya mita kwenye gurudumu na kuyaweka chini kwa muda, hayalazi kwa duara. Huyalaza kwa umbo la namba nane. Nusu ya nane huweka mzunguko kulia, nusu ya pili huweka mzunguko kushoto, na rundo lote, hata liwe kubwa namna gani, lina deni sufuri. Ncha yoyote atakayoivuta, mkongo utatoka ukiwa umenyooka.

Uzi usio na ncha kabisa

Imebaki hali moja iliyo ngumu kuliko zote: uzi uliofungwa ncha kwa ncha kuwa duara, uliosokotwa tayari, na ambao lazima ufunguliwe. Si fumbo la darasani. Ni maisha ya kila siku ya bakteria.

Bakteria wa tumboni aitwaye Escherichia coli hubeba maelezo yake yote ya urithi katika duara moja la DNA lenye herufi karibu milioni 4.6. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, zikizungukana mara moja kila baada ya herufi kumi na nusu hivi. Hiyo ni zaidi ya mizunguko 400,000. Ili bakteria agawanyike, nyuzi hizo mbili lazima zitenganishwe kabisa, na kazi ya kuzinakili huchukua kama dakika 40. Hakuna ncha ya kuning'iniza. Kila mzunguko unaofunguliwa mahali pa kunakili husukuma msokoto mbele, na DNA inajikunja vitanzi. Mwaka 1965 Jerome Vinograd na wenzake walieleza kwamba DNA ya duara ya kirusi waliyoichunguza ilikuwa imejisokota kwa namna hiyohiyo.

Nani analipa? James Wang alitangaza mwaka 1971 kimeng'enya cha kwanza chenye kazi ya kupunguza msokoto wa DNA, na mwaka 1976 Martin Gellert na wenzake wakagundua kingine, jairesi, chenye ujanja mkali zaidi. Jairesi hushika DNA, hukata nyuzi zote mbili, huzishikilia ncha zilizokatika zisiponyoke, hupitisha kipande kingine cha duara hilohilo katikati ya mwanya, kisha huunga palipokatwa. Ni mchezo wa Dirac ukichezwa kwa mkasi, na hesabu yake ni ileile: kila mara jairesi ikifanya kazi, jumla hubadilika kwa mizunguko miwili. Haijawahi kuwa mmoja.

Katika maduka ya dawa kuanzia Msamvu hadi Kichangani kuna kidonge kinachoua kwa kuuvizia ujanja huu. Ni siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro. Dawa hii huinasa jairesi katikati ya kazi, DNA ikiwa imekwisha kukatwa. Haimzuii bakteria kukata, inamzuia kuunga. Majeraha yanazidi kuwa mengi ndani ya duara, kunakili kunakwama, na bakteria anakufa. Seli zetu nazo zina vimeng'enya vya ukoo huohuo, kwa sababu DNA yetu nayo ina madeni yake, ila umbo lake limetofautiana kiasi kwamba sipro haivishiki vizuri. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomruhusu mgonjwa kuimeza.

Tofauti ndogo hufanya kazi pande zote mbili. Miongoni mwa mamilioni ya bakteria, mmoja anaweza kuzaliwa na jairesi iliyobadilika herufi moja au mbili pale dawa inapojishikiza. Sipro inapita bila kupata pa kukamata. Dawa ikitumiwa ovyo, bila cheti na kwa ugonjwa usio wake, bakteria wa kawaida wanakufa na huyu anabaki peke yake uwanjani, akikata, akipitisha na kuunga, akilipa deni lake miwili kwa miwili, na kuwarithisha watoto wake ujanja huo.